Kompyuta Imemaliza, Kazi Bado: Mpwa Wangu na Molekuli ya Karafuu

Dada yangu alinipigia simu kutoka Chake Chake akiwa na mashitaka. Binti yake amerudi likizo kutoka chuoni, na wiki ya sita sasa hatoki mbele ya kompyuta. Kila akiulizwa anafanya nini, anajibu neno moja tu: "Inahesabu."

"Inahesabu nini, kaka? Na ikimaliza kuhesabu, sisi tutaona nini?"

Nilicheka, kisha nikaona swali lake ni la haki. Mtu akijenga nyumba, ukipita njiani utaona msingi, kesho ukuta, keshokutwa bati. Mwanafunzi wa kemia ya kompyuta anaweza kufanya kazi miezi mitatu, akapiga hatua kubwa, na asiwe na cha kukuonyesha ila mafaili yaliyojaa namba. Tena anaweza kuwa na mafaili mengi kuliko hayo, yenye namba za kupendeza, na asiwe amefika popote. Kwa macho ya mama, wanafunzi hao wawili ni mmoja. Niliyomweleza dada siku ile yalikuwa ya haraka haraka. Haya hapa ndiyo marefu yake.

Kazi yenyewe hakupewa na mtu. Yuko mwaka wa pili, hana msimamizi, na hakuna alama atakayopata kwa ajili yake. Alianza kwa udadisi wa mtoto wa Pemba. Msimu wa karafuu majamvi hutandazwa hadi pembezoni mwa barabara, na harufu ile, kwa sehemu kubwa, ni ya molekuli moja iitwayo yujenoli. Ndiyo inayokamuliwa kutoka kwenye makonyo na majani kule Wawi, na ndiyo ambayo daktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Ina atomu 24: kaboni 10, hidrojeni 12, oksijeni 2. Ukiichora, katikati ipo pete ya kaboni sita. Kwenye pete hiyo imeshikana OH, yaani oksijeni yenye hidrojeni. Jirani yake kabisa kuna oksijeni ya pili iliyobeba kaboni na hidrojeni tatu, kundi liitwalo metoksi. Upande wa mbali unaning'inia mkia wa kaboni tatu.

Yujenoli inasifika pia kwa kuchelewesha mafuta kuchacha. Hufanya hivyo kwa kuitoa hidrojeni ya OH na kuikabidhi kwa radikali, zile molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza ambazo zikiachwa huendelea kuharibu nyingine. Basi mpwa wangu akajiuliza: oksijeni ya jirani inaisaidia hidrojeni ile kutoka, au inaing'ang'ania? Nililipenda swali hilo. Ni dogo, lina jibu, na sikulijua jibu lake.

Kofia na mishono yake

Kompyuta inapohesabu hapa inashughulika na elektroni. Hizo ndizo zinazoshikilia atomu pamoja, na mlinganyo unaozitawala upo tangu mwaka 1926, alipouandika Erwin Schrödinger. Yujenoli ina elektroni 88. Kila moja inahitaji namba tatu kueleza ilipo, kwa hiyo zote pamoja ni namba 264. Tuseme tunataka kuandika jibu kamili kwenye jedwali, na tumeridhika na pointi 10 tu kwa kila kipimo. Jedwali hilo litakuwa na nafasi 10 kwa kipeo cha 264. Atomu zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kuwa 10 kwa kipeo cha 80. Hakuna diski ya kuhifadhia jedwali hilo, na haitakuwapo.

Paul Dirac aliliona hilo mapema. Mwaka 1929 aliandika kwamba sheria za fizikia zinazohitajika kwa kemia yote zimeshajulikana, na shida iliyobaki ni kwamba milinganyo yake ni migumu mno kutatulika. Tangu hapo fani hii yote imekuwa ufundi wa kukadiria. Anayeanza huchanganyikiwa hasa kwa sababu makadirio ni ya aina mbili na yanafanyika kwa pamoja.

Nilimpa mfano wa kofia ya viua. Mshonaji kwanza huchorewa nakshi juu ya kitambaa, halafu ndipo anashona kitobo kimoja kimoja. Nakshi ni jambo moja, ulaini wa mishono ni jambo jingine. Katika hesabu hizi nakshi ni mbinu, yaani tumekubali kueleza namna gani jinsi elektroni zinavyotendeana. Mbinu kongwe ya Hartree na Fock hufanya kila elektroni iwaone wenzake kwa wastani tu, kama ukungu, wakati kwa kweli elektroni hukwepana kama watu sokoni Darajani. Mbinu inayotumika zaidi leo inatokana na kazi ya Walter Kohn na Lu Sham ya mwaka 1965. Hii haizifuati elektroni moja moja, inaufuata msongamano wao wote pamoja, na msongamano unahitaji vipimo vitatu tu mahali pa 264. Ni nafuu kubwa, ila kuna kipande kimoja cha fomula hiyo ambacho hakuna anayekijua kwa ukamilifu, kwa hiyo kinakisiwa. Makisio ni mengi; mashuhuri kuliko yote linaitwa B3LYP, la miaka ya 1990. Kohn alipata Nobeli ya kemia mwaka 1998 pamoja na John Pople, ambaye programu yake ya mwaka 1970 ndiyo iliyowafikishia wanakemia wa kawaida hesabu hizi.

Mishono nayo ni ile seti ya msingi: vipande rahisi vya kihesabu ambavyo kompyuta huviunganisha ili kuchora wingu la elektroni. Vipande vichache, mchoro wa kukwaruza. Vipande vingi, mchoro laini na saa nyingi za kusubiri. Mishono laini haiokoi nakshi mbovu, na nakshi nzuri ikishonwa kwa uzi wa gunia huitambui. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimetumia seti kubwa sana," bado hujajua kama kofia itavalika.

Maji kwanza

Alipoanza alitaka kuivamia yujenoli moja kwa moja. Nikamwambia, mwanangu, iache karafuu, nenda kwenye maji. Maji yana atomu tatu, yamepimwa maabara kwa zaidi ya karne, na kompyuta yake yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inayamaliza kabla chai haijapoa.

Akatumia Hartree na Fock kwa seti ndogo kuliko zote. Pembe kati ya hidrojeni mbili ikatoka nyuzi 100.0, na iliyopimwa ni 104.5. Akaongeza seti hadi ile ya wastani iitwayo 6-31G*. Pembe ikawa 105.5, na urefu wa bondi, yaani kiungo cha atomu mbili, pikomita 94.7 dhidi ya 95.8 za kipimo. Akafurahi. Kisha akakokotoa masafa ya mitikisiko, yaani kasi ambayo bondi hujivuta na kujirudi, akanitumia ujumbe usiku: amepata 4070 na 4189, vitabuni ni 3657 na 3756, kwa kizio cha mawimbi kwa sentimita.

"Mjomba, imekosea."

"Kwa kiasi gani?"

"Asilimia kumi na moja hivi."

"Ya kwanza au ya pili?"

Akanyamaza kidogo. "Zote mbili."

Hapo ndipo kwa maoni yangu mradi ulipoanza hasa, na hakuna faili hata moja linaloonyesha hivyo. Mizani ya muuza samaki ikikosea ovyo, leo juu kesho chini, haina faida. Ikizidisha kwa kiwango kilekile kila siku, ukishaijua unanunua nayo. Mbinu hii inazidisha kwa sababu mbili. Haijui kukwepana kwa elektroni, hivyo inazifanya bondi kuwa ngumu kuliko zilivyo. Tena hesabu ya kawaida ya masafa inaichukulia bondi kama springi kamilifu, na bondi halisi hulegea kadiri inavyovutwa. Makosa yote mawili yanaelekea upande mmoja, ndiyo maana wanakemia huzidisha masafa ya namna hii kwa takriban 0.9 bila haya.

Palepale kwenye maji alikumbana na mtego ambao hata mimi nilikuwa nimeusahau. Alihamia B3LYP kwa programu ya ORCA, inayotolewa bure kwa wanafunzi, akalinganisha nishati yake na ya watu waliotumia programu nyingine. Namba zikakataa. Seti ileile, umbo lilelile, mbinu yenye jina lilelile. Wiki nzima alijilaumu. Kumbe B3LYP ya kawaida ya ORCA na B3LYP ya Gaussian, ile programu ya wenzake, zinatofautiana katika kiungo kimoja cha ndani. Ni kama pilau: ukiagiza Tanga na ukiagiza Unguja jina ni moja, mkono si mmoja. Haiharibu kitu ukishikamana na mpishi mmoja. Ukichukua wali wa huyu na nyama ya yule, ndipo unapoharibikiwa.

Mahali tambarare pasipo bonde

Akarudi kwenye karafuu. Akaichora molekuli katika programu ya kuchorea iitwayo Avogadro, akaiambia programu itafute umbo lenye nishati ndogo kuliko mengine. Programu husogeza atomu kidogo kidogo kama maji yanavyotafuta bondeni, na inaposikia mteremko umekwisha, inasimama na kutangaza kwamba imefaulu. Ilitangaza. Akapiga picha kioo akanitumia, na maua juu yake.

Nikamuuliza kama amekagua masafa. Molekuli ya atomu 24 ina mitikisiko 66, na ikiwa imetulia kweli bondeni, yote 66 huwa na namba chanya. Yake ilikuwa na moja iliyoandikwa kwa alama ya kutoa.

Mtu wa Pemba halimpi taabu jambo hili, maana kisiwa chenyewe ni vilima na mabonde. Ukiwa chini bondeni kwenye mpunga, kila upande unaokwenda unapanda. Lakini pale njia inapovuka mgongo wa kilima kutoka bonde moja hadi jingine, napo pana kipande tambarare. Mbele na nyuma unashuka, kulia na kushoto unapanda. Mguu peke yake hautakwambia uko wapi kati ya hizo mbili, kwa sababu kote ni tambarare. Programu nayo ilisikia tambarare ikasimama. Alama ile ya kutoa si masafa halisi ya kitu chochote. Ni namna ya programu kusema kwamba kuna upande mmoja ambao ukisukumwa kidogo utaporomoka.

Chanzo kilikuwa mchoro wake mwenyewe. Aliuchora mkia wa kaboni tatu ukiwa umelala sawasawa na pete, nadhifu kama kwenye daftari. Molekuli iliyonyooka hivyo haina sababu ya kuangukia kulia wala kushoto, basi ikabaki juu ya mgongo wa kilima. Kwa kweli mkia huo hupenda kujitokeza nje ya pete. Dawa yake ni rahisi: unazisogeza atomu kidogo kufuata mtikisiko uleule wenye alama ya kutoa, halafu unaanza upya. Kulielewa hilo kulimchukua wiki mbili, na mara mbili umeme ulikatika katikati ya hesabu ya masafa. Siku hizi hesabu zake zinaandika hatua kila baada ya muda, naye ameacha kuyaita mafaili "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa".

Kupata bonde hakukumaliza, kwa maana mabonde ni mengi. Mkia unaweza kuelekea huku au kule, OH inaweza kuitazama metoksi au kuipa kisogo. Akatumia kwanza programu nyepesi ya xtb kuchuja maumbo mengi kwa dakika chache, kisha yaliyobaki akayapitisha kwenye B3LYP. Umbo ambalo hidrojeni ya OH inaielekea oksijeni ya jirani lilishinda kwa mbali. Hiyo ni bondi ya hidrojeni, iliyofungwa ndani ya molekuli yenyewe.

Kwa mbali kiasi gani? Nishati nzima ya yujenoli kwa B3LYP ni hasi 538 na ushei, kwa kizio kiitwacho hartree. Tofauti kati ya maumbo mawili ilikuwa karibu 0.007. Wanakemia wana utani wa zamani kuhusu hali hii: kutaka kujua uzito wa nahodha, unaipima meli akiwamo, halafu unaipima tena akiwa ameshuka. Fikiria kuipima hivyo boti ya Mkoani. Inawezekana tu kwa sababu makosa ya meli ni yaleyale mara zote mbili, yanafutana unapotoa.

Hartree moja ni kilokalori 627.5 kwa moli, kwa hiyo 0.007 ni kilokalori 4 na kitu. Inaonekana ndogo, ila katika joto la kawaida kila kilokalori 1.36 inazidisha uwiano mara kumi. Mara tatu ya hiyo ni mara elfu. Maana yake katika molekuli elfu za yujenoli zinazoelea peke yake, isiyozidi moja ndiyo iliyoipa metoksi kisogo. Na ndiyo maana watu wa fani hii huhangaika wasikosee zaidi ya kilokalori moja.

Akataka uthibitisho kutoka nje ya kompyuta, jambo ambalo sikumwambia mimi. OH ikiwa imefungwa na jirani, mtikisiko wake hushuka. Katika kimiminika cha kaboni tetrakloridi, fenoli, pete ileile yenye OH bila jirani, huonekana karibu na 3610. Gwayakoli, ambayo ni yujenoli iliyokatwa mkia, huonekana karibu na 3560. Namba zake mwenyewe zilikuwa juu mno kwa zote mbili, kama mizani ile ya samaki, lakini pengo kati yao lilitoka jirani na hamsini ile. Safari hii hakutuma picha yenye maua. Alituma namba mbili na mstari chini yake.

Alipo leo

Sasa yuko kwenye swali lenyewe: kuing'oa hidrojeni. Mara ya kwanza programu ilimkatalia papo hapo bila kuhesabu chochote. Ukitoa hidrojeni moja zinabaki elektroni 87, namba isiyogawanyika kwa mbili, naye alikuwa ameiambia programu kwamba zote zimekaa wawili wawili. Mmoja lazima abaki peke yake, na ni lazima useme hivyo kwenye mstari wa juu wa faili. Nilimwambia ashukuru. Makosa yanayokataliwa ni ya bei rahisi.

Yale ya bei ghali hukubaliwa. B3LYP inajulikana kuiona bondi ya O na H katika fenoli kuwa dhaifu kuliko ilivyo; kipimo cha maabara ni takriban kilokalori 87 kwa moli. Angekokotoa yujenoli peke yake angepata namba ya chini na angetangaza kwamba metoksi inasaidia. Kwa hiyo anakokotoa fenoli na yujenoli bega kwa bega, anaangalia tofauti tu. Ni nahodha na meli tena.

Hata hivyo jibu halijulikani kirahisi, maana metoksi inavuta kamba pande zote mbili. Kabla hidrojeni haijatoka, oksijeni ya jirani inaishika kwa ile bondi ya kilokalori nne, na hiyo ni gharama. Ikishatoka, oksijeni ileile inaipa radikali iliyobaki sehemu ya elektroni zake na kuituliza, na hiyo ni faida. Nani anashinda, na kwa kilokalori ngapi, ndiyo kompyuta ya Chake Chake inayotafuta usiku huu.

Angeweza kutumia mbinu kali zaidi. Ipo iitwayo CCSD(T), ambayo wengi huitegemea kama kipimo cha kuhukumia nyingine. Lakini gharama yake hukua kwa kipeo cha saba: molekuli ikiwa kubwa mara mbili, kazi ni mara 128. Kwenye maji aliiendesha. Kwenye yujenoli, kwa seti inayostahili, ile gigabaiti 8 haifui dafu. Nimemwambia asikate tamaa kwa hilo, wala asidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Shule ya Afrika ya mbinu hizi, ASESMA, ilianzia Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret.

Nilipokwenda Pemba wiki iliyopita, dada alinipokea na mashitaka yaleyale. Tukamwita binti alete daftari, la karatasi. Ukurasa mmoja ulikuwa na tarehe, jina la faili, mbinu, seti, saa zilizotumika, na safu ya mwisho aliyoipa kichwa "kwa nini nisiiamini". Safu hiyo ilikuwa imejaa kuliko zote. Nikamwonyesha dada kwa kidole, mstari kwa mstari: hapa alikuwa kilimani akidhani yuko bondeni, hapa pilau mbili, hapa elektroni ya peke yake.

Dada akasoma akiwa amekunja uso.

"Sasa hiyo hidrojeni inatoka au haitoki?"

"Inatoka, mama," binti akajibu. "Natafuta inatoka kwa bei gani."

Dada akamtazama, akanitazama mimi, akafungua pochi. "Haya, na umeme umebaki kidogo. Nenda kanunue wa elfu tano kabla haijazima."